Maada ya giza inajuaje nyota ziko wapi?

Watu wengi wakiongelea maada ya giza wanaishia kwenye lile la "haionekani", yani kuna kitu kimejaa angani hatukioni, basi, mtu anashangaa kidogo alafu anaendelea na mambo yake. Mi hilo halinisumbui sana, hewa pia siioni na naivuta kila siku. Kinachoninyima usingizi ni kingine kabisa, ambacho hakisemwi sana: ukiichunguza galaksi moja moja, yani kila mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, unakuta kile kidogo kinachoonekana, nyota na gesi, kinakutabiria karibu kila kitu kuhusu kile kingi kisichoonekana. Ni kama nyumba ina wapangaji sita, mmoja ndo unamwona na watano hujawahi kuona hata kandambili zao mlangoni, lakini ukishajua huyu mmoja kalala chumba gani unaweza kuchora ramani ya wale watano wamelala wapi. Sasa hapo lazima ujiulize, hawa wanapeana taarifa au vipi?

Twende taratibu lakini, maana bila kuelewa kwa nini watu walianza kusema kuna kitu cha ziada, hii ya pili haitakushtua.

Si umewahi kuzungusha jiwe kwenye kombeo ukiwa mdogo? Kadri unavyolizungusha kwa spidi ndo linavyovuta mkono, na kamba ikiwa mbovu jiwe linachomoka linaenda kuvunja dirisha la watu. Angani kamba ni mvutano. Angalia sayari zetu: Utaridi, ambayo wengine wanaiita Zebaki, iko karibu na Jua na inakimbia kama kilomita 47 kwa sekunde, Dunia yetu inaenda karibu 30, Neptuni huko mwisho inajikokota na kilomita 5 na kidogo. Kadri unavyokaa mbali kamba inalegea, kwa sababu karibu uzito wote wa familia hii uko kwenye Jua lenyewe pale katikati. Kwa hiyo mtu akiangalia galaksi, nyota zimerundikana katikati na pembeni ni za kuhesabu, anategemea kitu kilekile, za katikati zikimbie na za pembeni zijikokote.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mama mmoja Mmarekani, Vera Rubin, na mwenzake Kent Ford, wa taasisi ya Carnegie kule Washington, wakaamua kupima hilo kwenye Andromeda. Hii galaksi hata wewe unaweza kuiona, mwezi wa 11 mida ya saa 3 usiku, ukiwa sehemu isiyo na taa angalia kaskazini, ni doa kama ukungu, na mwanga huo unaoingia jichoni uliondoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita. (Rubin ndo yule anayesimuliwa kwamba alipofika kwenye kituo cha darubini cha Palomar, sehemu ambayo kabla yake wanawake hawakuruhusiwa rasmi kufanya kazi, alikuta choo kimoja tu na mlangoni kimechorwa kimtu cha kiume, akakata karatasi umbo la sketi akakibandikia. Kazi ikaendelea.)

Namna ya kupima ni hivi. Gesi ya haidrojeni iliyochemshwa na nyota changa inatoa mwanga mwekundu wa aina moja mahususi, ukiuchuja unaona mstari mwembamba sehemu yake ileile siku zote. Gesi ikiwa inakuja upande wako mstari unasogea kidogo kuelekea buluu, ikiwa inakukimbia unasogea upande wa wekundu zaidi, kama honi ya basi la mkoani, likija sauti iko juu, likishakupita inashuka. Ford alikuwa ametengeneza kifaa cha kukuza mwanga hafifu, wakachukua vipande 67 vya gesi kutoka karibu na katikati mpaka huko pembeni, wakapima kila mstari umesogea kiasi gani. Mwaka 1970 wakatoa majibu: spidi haishuki. Za pembeni zinakimbia karibu sawa na za ndani, zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, yani Dar mpaka Moro kwa sekunde moja. Kwa kamba iliyopo, ya nyota zinazoonekana, hayo mawe yalitakiwa yawe yameshachomoka zamani.

Mwaka 1980 wakaja na galaksi 21 zenye tabia hiyohiyo. Ila niseme ukweli, mi naona Rubin anabebeshwa sifa nyingine ambazo ni za Mholanzi Albert Bosma, ambaye mwaka 1978 alitumia madishi ya redio ya Westerbork kufuatilia gesi baridi ya haidrojeni, na gesi hiyo inaenda mbali sana kupita nyota zinapoishia, na huko kote spidi bado imenyooka tu kama meza. Hapo ndo pa kukosa visingizio, maana nyota zimeshaisha na mvutano bado upo. Na miaka mingi kabla yao, 1933, Fritz Zwicky alishaona kwenye kundi la galaksi linaloitwa Coma kwamba galaksi zenyewe zinakimbizana kwa spidi ambayo uzito unaoonekana hauwezi kuishikilia, akaita kilichokosekana kwa Kijerumani maada ya giza, watu wakampuuza kwa miongo kadhaa. Alikuwa mtu mgumu kukaa naye, nadhani hilo lilichangia.

Neno "giza" lenyewe linadanganya kidogo. Vumbi lililoko kwenye Njia Nyeupe, galaksi yetu, ni la giza kweli, linazuia mwanga, unaona kabisa michirizi myeusi imekatisha katikati ya ule mkanda. Maada ya giza haizuii chochote, mwanga unapita kama hakuna kitu. Ingeitwa maada angavu, kama kioo, labda tungeelewana mapema, ila ndo imeshazoeleka hivyo.

Picha tuliyonayo sasa ni hii: galaksi kama yetu ni chapati ya sentimita 25 inayoelea katikati ya mpira wa maada ya giza wenye upana wa mita nne, ukubwa wa chumba. Chapati ndo nyota na gesi, na Jua letu liko kama nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni. Maada ya giza imejaa chumba kizima, nzito zaidi katikati na inapungua kuelekea kwenye kuta, inapita ndani ya chapati, inapita ndani ya Dunia na ndani yako wewe unayesoma. Ni nyembamba mno lakini: ukichukua makadirio ya kawaida ya msongamano wake mitaa hii ya kwetu, alafu ukakusanya yote iliyomo ndani ya Dunia nzima kwa wakati mmoja, kuanzia milima mpaka kiini, unapata kama nusu kilo. Pakiti moja ya sukari ndogo. Inatutawala kwa sababu chumba ni kikubwa mno na chapati ni ndogo, na sio kwa sababu imejaa hapa tulipo.

Kwa nini moja iwe chapati na nyingine mpira, hapa ndo uhusiano wenyewe unapoanzia. Maada ya kawaida inajua kupoa. Gesi ikianguka ndani inagongana, inapata moto, inautoa huo moto kama mwanga, na ikishautoa haina nguvu ya kurudi ilikotoka, inazidi kuzama mpaka inabaki na mzunguko tu, na kitu kinachozunguka kikiendelea kuzama kinalala bapa. Maada ya giza haina njia ya kutoa mwanga kwa hiyo haipoi, chembe yake ikianguka kutoka upande huu inapita katikati inatokea upande wa pili, inarudi tena, hivyohivyo miaka bilioni na mabilioni, haitulii, ndo maana inabaki imevimba. Na ndo iliyotangulia. Ulimwengu ukiwa mchanga gesi ilikuwa imebanwa na mwanga mkali haiwezi kujikusanya, maada ya giza ambayo mwanga hauihusu ikaanza kujikusanya mapema, ikachimba mashimo ya mvutano, na gesi ilipoachiwa, ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000, ikakuta mashimo yako tayari ikatiririkia humo. Kwa hiyo galaksi ni maji yaliyojikusanya mabondeni, na mabonde hayakuchimbwa na maji.

Hadi hapo hamna ugomvi. Isiyoonekana ni bosi, inayoonekana inafuata, uwiano wa jumla ni kama tano kwa moja, na hiyo tano kwa moja inatoka pia kwenye ule mwanga wa kale, uliobaki tangu gesi ilipoachiwa, uliopimwa na satelaiti ya Planck, ambao hauhusiani na mizunguko ya galaksi hata kidogo. Vipimo viwili tofauti, jibu moja.

Sasa tatizo. Maji yakijikusanya bondeni hutegemei ukiangalia bwawa ujue kila jiwe la chini yake. Yanategemea mengi, mvua ilinyesha kiasi gani, mengine yamevuja, mengine yamekauka. Na galaksi kweli zinavujisha: mpira wetu una uzito wa kama majua trilioni moja, kwa ile tano kwa moja chapati ilitakiwa kupata zaidi ya majua bilioni 150, lakini nyota zote za Njia Nyeupe ukizipima hazifiki hata nusu ya hapo. Galaksi ndogo zinapoteza zaidi, nyota kubwa zikilipuka zinapuliza gesi nje kabisa, na zile kubwa sana zina mashimo meusi katikati yanayochemsha gesi isizae nyota. Kila galaksi na historia yake, hii imegongana mara tatu, hii haijagongana na mtu. Ungetegemea fujo.

Badala ya fujo tunakuta unadhifu. Mwaka 1977 Brent Tully na Richard Fisher walionyesha kwamba mwanga wa galaksi na spidi ya mzunguko wake vinaenda pamoja, na baadaye watu walipojumlisha uzito wa nyota pamoja na gesi mstari ukanyooka zaidi: spidi ikiwa mara mbili, uzito unaoonekana ni mara 16. Fikiria hilo vizuri. Spidi ya pembeni inaamuliwa na maada ya giza, huko nyota zina mchango mdogo tu, lakini ukiniambia spidi hiyo nakutajia uzito wa nyota na gesi bila kuangalia. Na haijalishi nyota zimebanana au zimetawanyika kama vibanda vya jangwani, galaksi zote zinakaa kwenye mstari uleule.

Alafu kuna ile ya Mwitaliano Renzo Sancisi, ambaye mwaka 2004 aliandika kanuni ambayo inaitwa kwa jina lake: popote penye kibonde au kituta kwenye mpangilio wa mwanga wa galaksi, pana kibonde au kituta kwenye spidi zake pia. Mfano unaotajwa sana ni galaksi ndogo NGC 1560, gesi yake ina sehemu imepungua ghafla, na spidi hapohapo nayo inashuka kidogo, kwenye galaksi ambayo inayotawala mvutano ni maada ya giza! Mpira laini uliovimba ulitakiwa uwe umefunika vibonde vyote hivyo. Ni kama kilo tano za unga zimemwagwa juu ya kilo moja ya karanga na bado unaona kila karanga imekaa wapi.

Kilele chake ni mwaka 2016. Stacy McGaugh, Federico Lelli na James Schombert wakachukua galaksi 153, kwenye kila moja wakapita sehemu baada ya sehemu, jumla karibu pointi 2,700, kila pointi wakaandika namba mbili: mvutano halisi unaoonekana kwenye spidi, na mvutano ambao nyota na gesi peke yake zingetoa. Wakachora. Pointi zote zikalala kwenye mstari mmoja uliopinda, galaksi kubwa, ndogo, za gesi, za nyota, zote. Pale mvutano ulipo mkubwa namba mbili ni sawa, yani maada ya giza kama haipo. Ukishuka chini ya kiwango fulani ndo zinaachana, tena kwa kipimo kilekile kila mahali. Kiwango chenyewe ni kidogo ajabu, mchapuko, yani spidi inavyoongezeka kila sekunde, wa kama 1.2 gawanya kwa bilioni kumi, mita kwa sekunde kwa sekunde. Ukikanyaga mafuta kwa mchapuko huo leo, itakuchukua zaidi ya miaka 260 kufikia spidi ya mita moja kwa sekunde, ya mtu anayetembea huku anachezea simu.

Mtu akiona mstari kama huo ana haki ya kusema jamani, labda hamna wapangaji watano, labda ni sheria ya mvutano tu tumeikosea. Ndo alichosema Mordehai Milgrom wa Israeli tangu 1983, miaka zaidi ya 30 kabla ya huo mchoro, kwamba chini ya mchapuko huo mvutano unabadilika tabia, na ule mstari wa mara mbili kwa mara 16 unatoka wenyewe kwenye fomula yake bila kusukumwa. Wanaomcheka wanasahau kwamba alitabiri mapema. Mi simcheki, ila simfuati, na sababu kubwa ni kundi la galaksi linaloitwa Risasi.

Hayo ni makundi mawili yaliyogongana na kupitana. Kwenye makundi kama hayo sehemu kubwa ya maada ya kawaida haiko kwenye nyota, ni gesi ya moto inayoonekana kwa eksirei, na gesi mbili zikigongana zinakwama, kwa hiyo imebaki katikati kama watu waliogongana vikumbo mlangoni. Galaksi zenyewe zina nafasi kubwa kati yake, zikapitana bila kugusana. Mwaka 2006 Douglas Clowe na wenzake wakapima uzito uko wapi, kwa kuangalia unavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma yake. Kama hamna maada ya giza uzito ungekuwa kwenye gesi. Haukuwepo pale, uko pembeni huku na huku pamoja na galaksi, umepita na kuacha gesi nyuma. Wapangaji wametoka nje, tumeona wametembea bila yule tunayemwona. Watetezi wa Milgrom wana majibu yao, lakini kwenye makundi makubwa hata wao wanalazimika kuongeza uzito usioonekana, sasa kama unauongeza kule, huku unaukataa wa nini?

Kwa hiyo narudi kwenye maada ya giza na deni lake: ule unadhifu unatoka wapi. Sehemu ya jibu ni kwamba tulikosea kufikiri bosi haguswi. Nyota zikilipuka kwenye galaksi ndogo zinapuliza gesi nje ghafla, baadaye gesi inarudi inapoa, inazaa nyota, zinalipuka tena. Fikiria mtoto kalala kwenye kitanda cha kamba, wewe mtu mzima unakuja unakaa katikati, kamba zinabonyea mtoto anabingirika kuja kwako, alafu unainuka ghafla, kamba zinaruka na mtoto anarushwa pembeni. Rudia mara mia. Andrew Pontzen na Fabio Governato walionyesha kwa hesabu mwaka 2012 kwamba gesi ikifanya hivyo kweli inaisukuma maada ya giza itoke katikati, bila kuigusa, kwa mvutano tu. Na kompyuta zikiigiza galaksi zikiwa na milipuko hiyo zinatoa mstari unaofanana na ule wa 2016. Wengine wanasema hesabu zimeshikizwa mpaka zikae, na kwenye vile vibonde vya Sancisi sijaona jibu linaloniridhisha.

Alafu pana kile kituko cha 2018, timu ya Pieter van Dokkum ilipotangaza galaksi NGC 1052-DF2 ambayo inaonekana haina maada ya giza, au inayo kidogo sana, na mwaka uliofuata wakapata nyingine, DF4. Watu waligombana sana kuhusu umbali wake, maana ikiwa karibu zaidi hesabu inabadilika, mpaka darubini ya angani ya Hubble ikaipima tena na kuthibitisha ni miaka nuru kama milioni 72. Kinachochekesha ni kwamba galaksi isiyo na maada ya giza ni pigo kwa wanaosema maada ya giza haipo, kwa sababu kitu kinaweza kukosekana mahali, sheria haiwezi kukosekana.

Hiyo ya kitanda cha kamba ina kipimo chake, na kinafanyika sasa hivi kwenye vigalaksi vinavyotuzunguka. Draco na Fornax ni viwili vya hivyo, mipira yao inakadiriwa kuwa na uzito unaokaribiana. Draco iliacha kuzaa nyota zamani sana, kama miaka bilioni 10 iliyopita, Fornax imeendelea mpaka juzijuzi kwa hesabu za nyota. Katikati ya Draco maada ya giza imebanana, katikati ya Fornax imelegea. Aliyekuwa anakaa na kuinuka huku aliacha mapema, kule kaendelea. Viwili tu havitoshi, zinatakiwa mamia, na zile ndogo kuliko zote kama Segue 1, yenye mwanga wa mamia machache tu ya majua, ambako nyota ni chache mno kumsumbua mtoto, zinatakiwa zote ziwe zimebanana katikati. Kule Chile juu ya mlima Cerro Pachón kuna darubini mpya yenye kamera ya megapikseli 3,200, picha zake za kwanza zilitoka Juni 2025, na mojawapo ya kazi zake ni kuvisaka vigalaksi hivyo. Imepewa jina la Vera Rubin.